Goti, Darubini na Mkanda wa Hewa

Tarehe 4 Mei 1962, mjini Tokyo, daktari Masaki Watanabe alimlaza mezani kijana wa miaka 17 aliyeumia goti akicheza mpira wa kikapu. Gegedu la ndani lilikuwa limechanika. Zama zile tiba ya gegedu lililochanika ilijulikana: goti lilipasuliwa kwa kisu, gegedu likatolewa, na mgonjwa akakaa wodini siku nyingi akisubiri kidonda kipone. Watanabe hakulipasua. Alitoboa tundu dogo akapenyeza darubini nyembamba, akaingiza vifaa, akakata kipande kilichochanika peke yake na kukitoa. Gegedu zima alilibakiza mahali pake. Upasuaji wa namna hiyo ulikuwa haujapata kufanyika gotini.

Vijana wangu, nimeanza na siku hiyo kwa sababu upasuaji wa matundu madogo, ambao leo unafanyika hata Taasisi ya Mifupa Muhimbili pale Dar es Salaam, umetokana na kazi ya mikono ile. Ila leo simsimulii Watanabe peke yake. Nataka tukitazame kitu ambacho mgonjwa mara nyingi hakijui, kwa kuwa hufanya kazi yake yeye akiwa amelala au amekufa ganzi: mkanda unaovikwa pajani ili damu isishuke gotini. Madaktari huuita tonikwiti. Una faida kubwa, na una madhara yake, na mtu anayejua upande mmoja tu bado hajaujua.

Darubini ilitangulia. Mwaka 1918, katika Chuo Kikuu cha Tokyo, daktari Kenji Takagi, ambaye baadaye alikuja kuwa mwalimu wa Watanabe, alichukua darubini iliyotengenezwa kwa kuchungulia kibofu cha mkojo akaiingiza ndani ya goti la maiti. Alikuwa na sababu. Siku zile kifua kikuu hakikuishia kifuani. Kiliingia hata kwenye viungo, na goti lililoshambuliwa lilikakamaa lisikunjike tena. Kwa Mjapani huo ulikuwa msiba, maana kule watu walikaa sakafuni wamekunja magoti: walikula hivyo, walipokea wageni hivyo. Ninyi mliolelewa kwenye mkeka na mswala mnalielewa hilo bila kuelezwa. Takagi alitaka kuuona ugonjwa mapema, kabla goti halijakakamaa. Chombo chake cha kwanza kilikuwa na kipenyo cha milimita 7.3, kinene mno kwa nafasi iliyopo. Hakuchoka. Kufikia mwaka 1931 alikuwa amepata cha milimita 3.5, na darubini nyingi zinazotumika magotini leo zina milimita 4. Mwaka 1964 Mkanada Robert Jackson alikwenda Tokyo, akajifunza kwa Watanabe, akarudi na elimu hiyo Toronto, na kutoka huko ikaenea.

Goti ni kiungo kikubwa kuliko viungo vyote vya mifupa mwilini, lakini ndani yake nafasi ni finyu. Mfupa wa paja umeukalia mfupa wa ugoko, mbele ipo pia ya goti, na katikati yamelala magegedu mawili yenye umbo la mwezi mchanga yanayoitwa meniski. Ute wote unaolainisha goti lenye afya haujazi kijiko cha chai. Ili darubini ipate pa kupita, daktari hulijaza goti maji safi ya chumvi, yaleyale ya dripu, kutoka kwenye mifuko ya lita 3 iliyotundikwa juu. Maji yanalitanua goti, kamera inatuma picha kwenye skrini, na pale unaona gegedu jeupe linang'aa na ligamenti zilizovutika kutoka mfupa hadi mfupa.

Sasa damu iingie. Utando unaolizunguka goti kwa ndani umejaa mishipa midogo midogo, na kifaa kikiugusa tu unavuja. Mmewahi kufika kisimani baada ya ng'ombe kuyatibua maji? Maji ni yaleyale na kina ni kilekile, ila chini huoni kitu. Damu kidogo inafanya hivyo ndani ya goti. Skrini inageuka nyekundu, na daktari aliyeshika mkasi ndani ya mwili wa mtu haoni anachokikata. Anaweza kukwaruza gegedu zima linalofunika mfupa, na gegedu hilo likikwaruzwa haliponi sawasawa, kwa kuwa halina mishipa ya damu ya kulilisha.

Ndiyo maana wapasuaji waliukumbuka mkanda, ambao umri wake ni mkubwa kuliko darubini.

Kufunga kiungo ili kuzuia damu ni elimu iliyotoka vitani. Husimuliwa kwamba mwaka 1674, jeshi la Ufaransa lilipouzingira mji wa Besançon, mpasuaji aliyeitwa Morel alizungusha kamba kwenye mguu wa majeruhi, akapitisha kijiti, akakisokota mpaka damu ikakatika. Mwaka 1718, Paris, Jean-Louis Petit akatengeneza mkanda wenye skrubu, unaoweza kukazwa au kulegezwa kidogo kidogo bila mtu wa kushikilia kijiti. Lengo lao lilikuwa moja: mtu asife kwa kutokwa damu wakati mguu wake unakatwa.

Joseph Lister ndiye aliyeona matumizi mengine, yule Lister aliyewafundisha madaktari kuua vijidudu kwenye vidonda. Mwaka 1864 alikuwa Glasgow, Uskoti, akiwatibu watu wenye kifua kikuu cha kifundo cha mkono. Hakutaka kuwakata mikono. Alitaka kuondoa mifupa iliyooza na kuuacha mkono ufanye kazi, na kazi ya uangalifu kiasi hicho haifanyiki katika dimbwi la damu. Kwa hiyo aliuinua mkono wa mgonjwa juu kwa dakika chache, damu ikashuka yenyewe, ndipo akaukaza mkanda. Kwa mara ya kwanza mkanda ulitumika ili daktari aone vizuri.

Mwaka 1873 daktari Mjerumani aliyekuwa amehudumia majeruhi wa vita, Friedrich von Esmarch wa mji wa Kiel, akaonyesha njia yenye nguvu zaidi. Alichukua bandeji ndefu ya mpira akaiviringa kwa kuikaza, kuanzia vidoleni kupanda juu, akiikamua damu irudi kiwiliwilini. Bandeji hiyo bado ipo katika vyumba vya upasuaji, na bado inaitwa kwa jina lake. Ila mpira una kasoro moja: haukwambii umebana kiasi gani. Mkono wa mfungaji ukizidisha, neva zinapondeka, na wapo wagonjwa waliozinduka na kiungo kilichopooza.

Dawa ya kasoro hiyo ilitoka mahali ambapo hakuna aliyeitafuta. Mwaka 1901 Mmarekani Harvey Cushing alipita Pavia, Italia, akakiona kifaa cha Scipione Riva-Rocci cha kupimia shinikizo la damu: mkanda wenye mfuko wa mpira ndani, unaojazwa hewa, huku zebaki ikionyesha namba. Mnaujua, ni ukoo mmoja na ule anaofungwa bibi mkononi kila aendapo kliniki ya presha. Cushing akaipeleka Marekani njia hiyo ya kupimia presha. Kisha akaona kwamba mkanda unaosimamisha damu kwa sekunde chache ili ipimwe unaweza kuisimamisha kwa muda wa upasuaji mzima. Mwaka 1904 akaandika juu ya tonikwiti ya hewa: inajaa upesi, inafunguka upesi, na namba unaiona kwa macho yako. Katika habari hii yote hapa ndipo ninapopapenda zaidi. Wote waliomtangulia walitafuta nguvu ya kubana. Yeye alileta kipimo.

Haya, tuingie chumba cha upasuaji. Chukulieni mezani yupo msichana wa kidato cha tatu, mcheza netiboli, meniski yake imechanika. Amechomwa ganzi ya mgongoni, kuanzia kiunoni kushuka hasikii maumivu. Nesi anazungusha pamba laini juu ya paja lake, pale penye nyama nyingi, kwa sababu nyama huzikinga neva. Juu ya pamba ndipo unapokuja mkanda. Ukingo wake unazibwa kwa plastiki, maana dawa ya kusafishia ngozi ikichuruzika ikanasa chini ya mkanda na kukaa humo, inaiunguza ngozi. Kama kuna antibayotiki ya kuchomwa, inatangulia, kwa kuwa mkanda ukishajazwa dawa haifiki tena gotini. Mguu unainuliwa juu dakika chache, au unaviringwa bandeji ya Esmarch. Daktari anatoa ruhusa, mashine inajaza hewa, na saa inaandikwa ubaoni.

Ijazwe kiasi gani? Kijana mwenye afya ana shinikizo la juu la damu linalokaribia 120, kwa kipimo cha milimita za zebaki. Namba hiyo haitoshi pajani, kwa sababu sehemu ya nguvu ya mkanda inaishia kwenye nyama kabla ya kuufikia mshipa mkubwa ulio ndani. Kwa miaka mingi mazoea yalikuwa 250 hadi 300 kwa kila mtu mzima, awe mwembamba au mnene. Mazoea hayo siyaungi mkono. Kuna njia yenye haki zaidi: kihisio kinawekwa kwenye kidole cha mguu, mkanda unajazwa polepole mpaka mapigo yapotee kidoleni, namba hiyo inasomwa, kisha inaongezwa 40 hadi 80 kulingana na ukubwa wake. Mara nyingi jumla inakuwa chini ya ile ya mazoea. Mkanda mpana nao unasaidia, kwa sababu huzuia damu kwa shinikizo dogo kuliko mwembamba. Mhandisi James McEwen wa Vancouver, Kanada, alitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1980 mashine inayoongozwa na kompyuta, ambayo inalinda shinikizo lisipande wala kushuka, inahesabu dakika, na kupiga kengele mambo yakiharibika.

Wakati skrini iko safi na daktari anafanya kazi yake kwa utulivu, tuuangalie mguu wenyewe. Misuli inahitaji oksijeni, na oksijeni inaletwa na damu. Damu ikisimama, misuli inaishi kwa akiba iliyobaki, akiba inakwisha, asidi inaongezeka, mguu unapoa. Mgonjwa aliyelazwa usingizi kabisa hawezi kulalamika, lakini baada ya takriban saa moja shinikizo lake la damu huanza kupanda, mwili ukiitikia maumivu ya mkanda hata kama mwenyewe hana habari. Ndiyo maana mipaka ikawekwa. Kwa mtu mzima wapasuaji wengi hawapendi kuvuka saa 2, na kwa mtoto huwa wanajibana zaidi. Kukata kipande cha meniski kilichochanika hakuhitaji hata saa moja. Kutengeneza ligamenti mpya ndiko kunakokula muda.

Na muda si adui pekee. Mwaka 1972 watafiti watatu wa London, Ochoa, Fowler na Gilliatt, walichapisha kazi waliyoifanya kwa nyani. Walibana miguu yao kwa mkanda wa hewa, kwa shinikizo kubwa kuliko la hospitalini, kisha wakazitazama neva kwa hadubini. Katikati ya mkanda, pale ambapo ungetarajia maafa, hapakuwa na kitu kikubwa. Madhara yalikuwa chini ya kingo zake mbili, mahali ambapo sehemu iliyobanwa inapakana na isiyobanwa. Ala ya mafuta inayozivika nyuzi za neva ilikuwa imesukumwa kutoka mahali pake ikajikunja ndani yake yenyewe. Kwa hiyo neva iliumizwa na msukumo, mbali na kukosa damu. Kila nikiifikiria kazi ile nawafikiria wale wagonjwa wa mpira wa Esmarch waliozinduka na kiungo kisichoinuka, na daktari wao asijue kwa nini.

Kazi ikiisha mkanda unafunguliwa, na hapo mtaalamu wa usingizi anakuwa macho kuliko kila mtu chumbani. Damu inarudi mguuni kwa kasi, shinikizo la mwili mzima linaweza kushuka kidogo, na takataka zilizokusanyika mguuni, asidi na kabonidayoksaidi, zinaingia kwenye mzunguko. Mgonjwa akiwa kwenye mashine ya kupumulia, kabonidayoksaidi inaonekana ikipanda skrini dakika ileile. Kijana mwenye afya anayavuka hayo bila shida. Mzee mwenye moyo dhaifu anahitaji jicho la karibu. Siku zinazofuata paja laweza kuuma pale palipofungwa, na misuli ya mbele ya paja, ile inayonyoosha goti, inaweza kuwa dhaifu kwa muda.

Hapo ndipo baadhi ya wapasuaji walipouliza: mkanda huu ni lazima? Wakajaribu kufanya upasuaji uleule bila kuujaza, au bila kuufunga kabisa, na majaribio ya kulinganisha yakafanyika katika nchi kadhaa. Ilionekana kwamba kazi ndogo za gotini zinaweza kukamilika bila mkanda, ingawa pengine picha haiwi safi sana. Njia ya kwanza ni maji yenyewe. Mfuko ukitundikwa mita 1 juu ya goti, maji hukandamiza ndani ya goti kwa takriban milimita 73 za zebaki, na mgandamizo huo unaifunga mishipa midogo isivuje. Wenye pampu wanaupanga kwa namba. Njia ya pili ni adrenalini, homoni ileile inayomwagika mwilini mnaposhtuka gizani. Ikitiwa kidogo mno, kwa kawaida miligramu 1 katika mfuko wa lita 3, inaifanya mishipa ijikaze. Ya tatu ni mtaalamu wa usingizi kuhakikisha presha ya mgonjwa haipandi bure wakati kazi inaendelea.

Mimi nimesimama wapi? Nasema mkanda ufungwe pajani uwe tayari, na ujazwe pale tu daktari anaposhindwa kuona. Atakayeujaza kwa sababu ndivyo alivyofundishwa, na atakayeukataa wakati skrini imejaa damu, wote wawili hawamtazami mgonjwa aliye mbele yao. Katika hospitali isiyo na pampu, uamuzi wa kuujaza unaweza kuwa ndio sahihi kabisa.

Kuna watu ambao swali hili kwao ni zito zaidi. Tanzania ni miongoni mwa nchi duniani ambako watoto wengi sana huzaliwa na selimundu. Chembe nyekundu za mtu mwenye ugonjwa huo zikikosa oksijeni na kuzungukwa na asidi hupinda, zinaziba mishipa, na mkanda huleta mambo yote mawili kwa pamoja. Daktari akilijua hilo mapema atafanya bila mkanda, au atautumia kwa tahadhari kubwa na kwa muda mfupi. Vilevile mtu aliyewahi kugandiwa na damu mguuni hapaswi kuviringwa ile bandeji ya kukamua, kwa hofu ya bonge kung'oka na kukimbilia mapafuni. Na penye usaha au uvimbe wa saratani mguu huinuliwa tu, haukamuliwi.

Kabla sijawaacha, neno kuhusu kamba na mipira ya nyumbani, maana nawaona mkizungusha raba kwenye kidole mpaka kinakuwa cha zambarau, mnacheka. Acheni. Raba haina namba wala kengele. Na mtu akiumwa na nyoka, msimfunge kamba ya kubana mguu. Shirika la Afya Duniani linaikataza njia hiyo, kwa kuwa imewapotezea watu miguu ambayo ingepona. Mtulizeni, asitembee, mguu ukae bila kuchezeshwa, apelekwe hospitali haraka. Mtu akivuja damu nyingi kwa ajali, kandamizeni kidonda kwa nguvu kwa kitambaa safi na msiachie mpaka msaada ufike. Mkanda ni wa pale damu inaposhindikana kwa kukandamiza, na afunge aliyefundishwa, aandike saa aliyoufunga.

Na siku ninyi au ndugu yenu mkipangiwa upasuaji wa goti, msione haya kumwuliza daktari: utatumia mkanda, kwa shinikizo gani, kwa muda gani? Mwambieni mapema, kabla ya siku ya upasuaji, kama mgonjwa ana selimundu, kama amewahi kugandiwa na damu mguuni, kama ana kisukari au miguu inayokufa ganzi. Kama hali yake ya selimundu haijulikani, ombeni apimwe kwanza.